Ukurasa Aliouacha Dada

Kitabu chenyewe hakina jalada. Lilinyofoka zamani, kabla sijajua kusoma, kwa hiyo jina lake silijui na aliyekiandika simjui. Nakihifadhi ndani ya sufuria kuukuu yenye mfuniko, juu ya kabati, panya wasikifikie. Wageni wakiona hucheka: mwalimu mzima, mwandishi wa vitabu vya watoto, anatunza kitabu kwenye sufuria! Acha wacheke. Panya wa huku Litembo hawana habari kwamba mimi ni mwandishi.

Ndani yake mna hadithi fupi fupi za watoto. Kila hadithi inakwenda mpaka chini ya ukurasa wa kulia, halafu inakatika pale pale pabaya, na maandishi mazito yanauliza: Wewe ungefanya nini? Jibu liko nyuma ya ukurasa. Ukifunua unaona mtoto wa kwenye hadithi alifanya nini, na chini yake wameandika funzo. Hadithi zote nimezifunua tangu utotoni, isipokuwa ya mwisho. Ukurasa ule haujafunuliwa nyumbani kwetu mpaka leo, kwa sababu dada yangu hakutoa jibu lake, na kwa sheria ya nyumba yetu ukurasa haufunuliwi mpaka kila mtu ajibu.

Dada yangu amekufa. Basi fikiria mwenyewe nilivyokaa na ukurasa ule.

Sheria ilikuwa ya bibi, mama yake baba, ambaye hakujua kusoma hata herufi moja. Sisi Wamatengo zamani tulikuwa na sengu. Ukoo mzima ulikula pamoja kwa mkubwa wa ukoo, kila mke akileta alichopika, na watu wakishashiba yanazungumzwa ya mashamba, ya ndoa, ya mtoto aliyemjibu mkubwa vibaya. Hakuna aliyenyanyuka kabla kila mtu hajasema lake. Mimi sengu sikuikuta. Nilikuta kila mtu anakula kwake na mlango umerudishiwa, na jambo hilo lilimuuma bibi kuliko mgongo wake. Siku dada alipotoka shule na kile kitabu, zawadi ya kuongoza darasa, akaketi jikoni na kuanza kutusomea, bibi alilisikia lile swali akamshika mkono kabla hajafunua.

"Ngoja," alisema. "Wametuuliza. Utafunuaje na hatujajibu?"

Kuanzia siku hiyo ikawa hivyo. Jioni, mama akiwa anasonga ugali, sisi tunachagua maharage au tunapembua kahawa kwenye ungo, dada anasoma. Alisoma kwa Kiswahili kisha akageuza kwa Kimatengo kwa ajili ya bibi, kwa hiyo kila hadithi tuliisikia mara mbili, na mimi nasema mpaka leo Kiswahili changu nilikipata hapo, katikati ya midomo miwili ya mtu mmoja. Likifika swali, mdogo ndiye anaanza, maana mdogo akisubiri wakubwa atakuwa kasuku. Mdogo ni mimi. Kisha mama, kisha bibi. Dada, kwa kuwa ndiye mwenye kitabu mkononi, alijibu wa mwisho.

Na usidhani kujibu kulikuwa kazi rahisi. Mimi nilikuwa mtoto wa kuropoka. Nilisema, "Ningesema ukweli!" hata kabla swali halijaisha. Bibi akanitazama.

"Haraka hiyo umeitoa wapi?" akauliza. "Jibu linalotoka kabla ya pumzi si la kwako. Hilo ni la mwalimu wako. La kwako liko wapi?"

Loo! Nililia siku hiyo. Nilikasirika, nikasema bora nikalale na njaa, na mama akanijibu kwamba ugali wangu hautakosa wa kuula. Nikarudi nikakaa. Lakini tangu hapo nilijifunza kunyamaza kidogo na kujitazama, na sijawahi kukutana na somo la shule lililonifanya hivyo. Hadithi moja ingeweza kutuchukua jioni nzima, na nyingine ikalala kwa kuwa mama alisema jibu lake atalitoa kesho akirudi shambani. Tulikwenda nayo shambani. Mama anapindua udongo juu ya majani ili kutengeneza ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo cha milimani, huku anabishana na mtoto wa kwenye kitabu kana kwamba amesimama pale kwenye tuta.

Sauti ya dada ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Ilikuwa nzito kidogo kwa msichana, na akifika mahali pa hatari aliishusha badala ya kuipandisha, mpaka sote tunainama kumfuata. Ninapoandika, hadi leo, nausikiliza ule mteremko. Nimeukosa kwa muda mrefu sana. Wakati mwingine nikiwa peke yangu nasoma ukurasa kwa sauti, najaribu kuushusha kama yeye, na haiji, inakuja sauti yangu tu, kavu, ya mtu anayeita mahudhurio.

Hadithi ya mwisho ilikuwa hii. Jirani mmoja mkali ameanika mahindi uani kwake. Amewahi kuibiwa, na amewaonya watoto wote: atakayegusa kitu changu atanitambua. Siku hiyo ameondoka. Mtoto anapita, anaona wingu jeusi linakuja, mahindi yako wazi, mwenyewe hayupo. Wewe ungefanya nini?

Nikasema ningekimbia kumtafuta. Mama akasema angefunika, lakini angeita shahidi kwanza, kwa sababu binadamu ni binadamu. Bibi akafikiri, akasema angesimama pale pale njiani apige kelele mpaka mlima wa pili wasikie, mwenye mahindi ajue kwamba mvua ilikuwa na shahidi hata kama mahindi hayakuwa na mlinzi. Tukacheka. Kisha tukamgeukia dada.

Dada aliuma mdomo wa chini, kama alivyofanya siku zote akifikiri, akafunga kitabu.

"Bado nafikiri," alisema.

Siku zile alikuwa na mengi ya kufikiri. Kijana mmoja wa Lipingo, kule ziwani, aliyekuwa akipandisha usipa kuuza soko la Mbinga, alikuwa ameshaleta wazee wake. Usipa ni dagaa wa ziwa letu, na bibi aliupenda kwenye sahani, lakini wavuvi hakuwapenda hata kidogo. Alilalamika kuhusu joto, mbu, watu wasiolima ngoro, na zaidi ya yote kuhusu kanisa, kwa kuwa kule ni Waanglikana na sisi ni Wakatoliki wa kuzaliwa. Dada alimsikiliza kwa heshima zote, akaolewa na huyo huyo. Akaenda bila kujibu. Nilimkimbilia mpaka kwenye gari, kitabu mkononi, watu wanaimba na kupiga vigelegele, nikamwambia jibu basi ndiyo uondoke! Akanishika mashavu na kurudia maneno yale yale.

Kutoka kwetu hadi Lipingo si mwisho wa dunia. Pikipiki mpaka Mbinga, gari mpaka Mbamba Bay, halafu unafuata ufuko. Dada alikuwa akija. Alikuja na mfuko wa usipa kichwani na baadaye na binti yake mgongoni, anafika jioni amejaa vumbi, na mimi hata salamu sijamaliza nimeshashusha kitabu.

"Haya, lete jibu."

"Jamani, hata maji sijanywa!"

"Utakunywa ukishajibu. Bibi anasubiri."

"Bado nafikiri, mdogo wangu. Usinisukume. Kwani ukurasa una miguu, utakimbia?"

Ikawa utani wa familia. Kila likizo, kila msiba, kila Krismasi aliyobahatika kupanda. Mtandao ulipofika kule kwao nilimpigia, naye akaniambia anapanda juu ya jiwe ndipo ananisikia vizuri, na mimi nikimsikia tu nauliza. Anacheka. Ananielezea upepo, mbuzi wa mama mkwe, nyavu zilizochanika, mtoto kaota meno. Swali linapita pembeni. Nilimnunia mara nyingi, maana mimi nikinuna nanuna kweli, lakini yeye hakuwa na habari na kununa kwangu. Bibi alifariki akiwa bado anauliza, "Yule wa ziwani kajibu?" Tukamwambia bado. Akasema, "Basi msifunue."

Kisha dada akaugua. Ugonjwa ulimwenda haraka, na mimi nilifika Lipingo wakati wanawake wameshaketi chini na wanaume wamesimama makundi makundi. Tulimzika kule, karibu na kanisa lao, kwenye udongo wenye mchanga. Nilikasirika na mchanga ule. Sisi udongo wetu ni mzito, unamshika mtu. Nilimwambia shemeji maneno ambayo si ya msibani, akaniacha niyaseme, Mungu ambariki. Mwanamke mmoja jirani yao alinikumbatia akilia, akasema, "Sasa mvua ikija nani atatuanulia?" Nikadhani ni maneno ya uchungu tu, watu husema mengi kwenye msiba, nikaitikia na kumpangusa machozi.

Niliporudi, watu walinishauri nifunue. Mama mwenyewe, ambaye sasa anakaa Songea kwa kaka yangu aliyehamia huko kabla kitabu hakijaingia nyumbani, alisema kwenye simu, "Funua mwanangu, mfu hajibu." Sikuweza. Ningefunua vipi? Ningeketi kwenye kiti cha nani, na nani angeshusha sauti? Nilikichukua kitabu, nikakiweka kwenye sufuria. Asubuhi kukiwa hakuna ukungu nilipanda juu ya kilima nyuma ya shule, na ziwa linaonekana kule chini, bluu, limetulia. Nilisimama nikalitazama mpaka kengele inapigwa. Nilitamani mtu mmoja tu kule ufukoni apande juu ya jiwe aniite.

Miaka mitatu ikaenda. Nikaanza kuandika vitabu vya watoto, na hapo ndipo nilipopata ugomvi mpya. Kila ninapopeleka hadithi, wahariri wananiambia, "Mwalimu, nzuri sana, lakini funzo liko wapi?" Wanataka mwishoni niandike kwamba uvivu ni mbaya na heshima ni nzuri. Haki ya Mungu, kama mtoto hajui heshima ni nzuri, mstari wangu mmoja ndio utamfundisha? Mimi nataka mtoto aketi na swali mpaka limwashe. Nataka akalale nalo, aamke nalo, ambishie mama yake shambani. Wananiambia shule hazitanunua. Basi nabishana, wakati mwingine nashinda, mara nyingi sishindi. Nikishindwa naandika funzo nikiwa nimenuna, na linaonekana.

Mwaka jana, likizo ya mwezi wa sita, shemeji alinipandishia yule binti wa dada. Yuko darasa la nne. Alishuka kwenye pikipiki anatetemeka kwa baridi, amevaa gauni jepesi la ziwani, akapiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo mama mdogo." Nikaitikia marahaba. Alikuwa amechukua uso wa mama yake, wote, mpaka na ule mdomo wa chini.

Nilimvika sweta langu likamfika magotini. Alishangaa kila kitu: kwamba watu wanaota moto mchana, kwamba ardhi yote imeinama, kwamba hakuna mahali unapoweza kukimbia bila kupanda. Na alishangaa chanja. Ulikuwa msimu wa kahawa, kila uwanja una chanja, ile meza ya miti na wavu, na juu yake kahawa iliyomenywa na kuoshwa inakauka. "Kwetu chanja ni za usipa," aliniambia. "Na mwingine tunaanika mchangani tu." Nikamwambia huku ukianika mchangani utaanika na mbuzi.

Jambo moja ambalo sikumwambia, kwa sababu hakuna anayeliambia, ni kwamba chanja ya mtu haiguswi. Hakuna mtoto wa huku asiyelijua. Kahawa ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo kila kitu, na wezi wapo. Ukipita karibu na chanja ya jirani unaweka mikono nyuma au unaimba, mwenyewe akusikie unapita kwa amani. Jirani yangu wa ng'ambo ya ua, mama mjane anayeishi peke yake, aliwahi kuibiwa, na tangu hapo hata kuku wake anawashuku.

Jioni nilimsomea yule mtoto kile kitabu kwa sheria ya bibi. Alijibu polepole, anauma mdomo, ananiuliza na mimi. Mungu wangu, nilivyofurahi! Nyumba yangu ilikuwa na watu wawili lakini ilijaa kama jiko la zamani. Tulikwenda hadithi kwa hadithi, na kadiri tulivyokaribia ya mwisho nikaanza kutafuta visingizio. Leo macho yananiuma. Leo kuni mbichi. Sikutaka kufika pale.

Siku moja tulikuwa na mazishi kijiji cha pili, mimi na yule jirani tukaenda, mtoto akabaki. Mvua ikatukuta njiani, mvua ya ovyo, isiyokuwa na miadi, katikati ya kiangazi. Jirani akaanza kukimbia. Nami nikakimbia, viatu mkononi, tunateleza kwenye ule udongo mwekundu, yeye analia kahawa yangu, kahawa yangu. Tulipofika, chanja yake ilikuwa tupu. Haikubaki hata punje.

"Nimeibiwa!" akapiga yowe. "Nimeibiwa tena!"

Kisha akaiona kahawa yake. Magunia yake yako barazani kwangu, yameegemezwa ukutani, na yule mtoto amesimama kati yake, sweta limemlowa linachuruzika, beseni mkononi. Jirani akamwendea. "Kumbe mwizi ni wewe! Mtoto wa kuja!" Akainua mkono. Niliruka katikati, na maneno niliyomwambia yule mama siyaandiki hapa, kwa sababu hadithi hii huenda ikasomwa na watoto.

Mtoto alikuwa hata haelewi anagombezwa kwa nini. Alisema, "Nimeanua, bibi. Hii yote ni ya kwako, sijachanganya. Ya mama mdogo bado, nilikuwa naifuata sasa hivi."

Tukageuka. Kweli, chanja yangu ilikuwa wazi vile vile, kahawa yangu yote inaogelea. Alikuwa ameanza na ya jirani.

Yule mama alitazama chanja yangu, akatazama magunia yake makavu, akakaa chini barazani pale pale kwenye maji. Huku kwetu radhi haitoki mdomoni, inakuja na maharage, na yalikuja asubuhi yake, debe zima, pamoja na yeye mwenyewe kunisaidia kutandaza upya kahawa yangu iliyolowa. Lakini hayo ni ya kesho yake.

Jioni ile nilimkausha mtoto karibu na moto, nikamkorogea uji. Kusema kweli nilikuwa na hasira kidogo kuhusu kahawa yangu. Nikamuuliza, "Mwanangu, umeona ya kwetu iko nje, kwa nini umeanza na ya mwenzetu?"

"Kwa sababu yeye kwake hakuna mtu," alijibu. "Mama alinifundisha. Kwetu wingu likitokea ziwani, aliyepo anaanua usipa wa wote, na unaanza na wa asiyekuwepo. Wa kwako utasubiri."

Halafu akanihadithia jambo ambalo dada, kwa miaka yote ya kuja na kwenda, hakuwahi kunitamkia. Alipokuwa bibi harusi mgeni Lipingo, siku moja majirani wote walikwenda kwenye mazishi ya ng'ambo ya ghuba, yeye akabaki. Wingu likaja. Akaanua usipa wake, wa nyumbani kwake tu, akaingiza ndani. Kisha akasimama mlangoni, mikono nyuma kama Mmatengo mwenye adabu, akatazama usipa wa ufuko mzima unageuka matope. Watu wakarudi, wakaona. Hawakumgombeza. Ila mwaka mzima wifi zake walimtania, kila akipita: "Wifi, usipa wako umekauka vizuri?"

"Mama alisema alilia sana," mtoto aliendelea. "Alisema alidhani anafanya vizuri, kwa sababu kitabu chao cha nyumbani kilisema mtoto mwema hagusi kisicho chake."

Nikaacha kukoroga. "Kitabu gani?"

"Si hiki?" Akaonyesha sufuria. "Hadithi ya mwisho. Ya mahindi. Mtoto aliyaacha akaenda zake nyumbani."

"Mwanangu, hiyo haijafunuliwa. Hakuna anayejua mtoto alifanya nini. Tunamsubiri mama yako."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayejua kitu na anatafuta pa kukiweka.

"Mama alifunua," akasema. "Kabla hajaolewa. Siku mliyokwenda kanisani yeye akabaki kupika. Alisoma yote."

Nilihisi uso unawaka. Miaka yote! Ukurasa niliouwekea sufuria, niliokataa kumsikiliza hata mama, mwenzangu aliufunua zamani huku anageuza ugali. "Sasa kwa nini hakujibu?" nikauliza, na sauti ilikuwa ya ugomvi kabisa, ya mtoto anayetishia kulala na njaa. "Kila mara namuuliza, ananiambia bado nafikiri! Kwa nini?"

"Nilimuuliza," mtoto akasema. "Alisema, nikijibu watafunua. Na wakifunua, watakuwa hawana tena la kunisubiria."

Nililia. Sikujificha, nililia kwa sauti, na yule mtoto akaja akaniegemea na sweta lake bichi. Nilikuwa nimeamini kwamba mimi ndiye niliyekuwa natamani, huku juu, natazama ziwa, na yeye kule ana upepo wake na nyavu zake na kicheko. Kumbe alikuwa akipanda lile jiwe ananisikia ninavyomdai, na anakwenda kulala akijua kwamba nyumbani wanamngoja. Alikuwa anatamani kuliko mimi. Alikuwa na joto, mbu na kanisa la watu, na jambo moja tu alilolishika la kwao.

Nilipotulia nikashusha kitabu kwenye sufuria. Nikamwambia mtoto, "Haya. Mama yako ameshajibu leo, kwa mikono yako. Sote tumejibu. Tufunue."

Akauma mdomo wa chini.

"Lile lilikuwa jibu la mama," akasema. "Mimi la kwangu sijatoa. Na mimi ni wa nyumba hii, au siyo?"

"Ni wa nyumba hii. Haya, toa."

"Bado nafikiri, mama mdogo."

Nikamtazama, naye akanitazama, na niliona kabisa anajua anachokifanya.

Likizo ilipoisha nilimsindikiza hadi stendi ya Mbinga. Nilimnunulia karanga, nikamkabidhi kwa kondakta wa gari la Mbamba Bay kwa vitisho vya kutosha. Gari likaanza kuondoka, nikajikuta nakimbia pembeni yake, mtu mzima na heshima zangu, wanafunzi wangu wananiona, naita dirishani, "Jibu basi!" Akatoa kichwa nje akicheka, akatikisa mkono, na kwa umbali ule ningeapa mbele ya padre ni dada. Sasa nayajua yaliyoandikwa nyuma ya ukurasa ule. Nimerudi, nimekiweka kitabu kwenye sufuria, nimefunika.